Je, Filamu Inaweza Kuwa Utafiti? Kazi ya David MacDougall, kutoka Karamoja hadi Delhi

Simu za mkononi zimewarudishia watu wa Afrika Mashariki picha nyingi za zamani za nchi zao. Kijana wa Lodwar, Kotido au Arusha anaweza kutazama kwa mfululizo filamu ya wamisionari, tangazo la utalii, habari ya njaa iliyopigwa na televisheni ya Ulaya, kisha filamu ya mtafiti aliyeishi bomani na wenyeji kwa miezi mingi. Zote zina ng'ombe, vumbi, shanga na wazee wenye fimbo, na watazamaji huziita kwa jina moja: filamu za makabila.

Hapo ndipo maswali yanapochanganyikana. Wapo wanaoziona zote kuwa udhalilishaji, na wapo wanaoziona zote kuwa hazina ya mababu. Vyuoni nako wanafunzi wanauliza kama kazi ya kamera inaweza kuhesabiwa kuwa utafiti kamili, au itabaki kuwa kiambatisho cha tasnifu.

Chini ya maswali hayo kuna hoja mbili. Ya kwanza: je, filamu inaweza kuleta maarifa ambayo kitabu hakiwezi kuyaleta? Ya pili: ikiwa inaweza, nani ana haki juu ya maarifa hayo? Uchambuzi huu unazipima hoja hizo kwa kufuata kazi ya mtafiti mmoja, David MacDougall. Amechaguliwa kwa sababu tatu. Filamu zake za mwanzo zilitoka kwetu, Karamoja na Turkana. Ameshika kamera na kalamu pamoja kwa zaidi ya miaka 50. Tena, hakuogopa kuukosoa hadharani mtindo uliompa jina.

## Chimbuko la mkanganyiko

Sababu ya kwanza ya mkanganyiko ni umri wa jambo lenyewe. Kamera na anthropolojia zimekua pamoja. Mwaka 1898, miaka mitatu tu baada ya sinema kuanza kuonyeshwa kwa umma mjini Paris, Alfred Haddon wa Cambridge alikwenda na kamera ya sinema kwenye visiwa vya Torres Strait. Mwaka 1922 Robert Flaherty alitoa Nanook of the North, filamu ya maisha ya Wainuit wa Kanada. Ili kupata mwanga wa kutosha, sehemu ya nyumba ya barafu iliachwa wazi, na watu wakaigiza maisha ya ndani mbele ya kamera. Kwa hiyo tangu mwanzo mtazamaji hakuambiwa wazi ni wapi rekodi inaishia na ni wapi uigizaji unaanzia.

Sababu ya pili ni historia ya ukoloni. Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na uwekaji akiba. Vita vilipoanza mwaka 1939, Uingereza iliunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni yake. Katika kazi za aina hiyo Mwafrika alionekana, lakini mwenye usemi alikuwa msimulizi. Mtu anayeitilia shaka kila kamera inayoelekezwa kijijini ana sababu za kihistoria za kufanya hivyo.

Sababu ya tatu ni ya kiufundi, nayo husahauliwa mara nyingi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, kurekodi picha na sauti kwa pamoja kulihitaji mitambo mizito. Mtafiti aliyekwenda porini alirudi na picha bubu, na pengo hilo lilizibwa baadaye studio na sauti ya msimulizi. Mambo yalianza kubadilika karibu na 1960, zilipopatikana kamera nyepesi zinazokwenda sambamba na kinasa sauti cha kubebeka. Watafiti wa Ufaransa Jean Rouch na Edgar Morin walizijaribu mwaka huo mjini Paris walipotengeneza Chronique d'un été. Tangu hapo ndipo ilipowezekana mfugaji asikike akizungumza kwa sauti yake, kwa lugha yake, pale alipo.

## Mtafiti na njia yake

MacDougall alizaliwa Marekani mwaka 1939. Baada ya Harvard alijiunga na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Huko, katikati ya miaka ya 1960, Colin Young wa idara ya filamu na Walter Goldschmidt, mwanaanthropolojia aliyewatafiti Wasebei wa Uganda, walikuwa wameanzisha mafunzo ya kuwakutanisha watengeneza filamu na watafiti. Young alihimiza mtindo wa utazamaji: kamera ikae na watu, ifuate jambo lao kwa mwendo wake, na mhariri asiukatekate wakati ili kutengeneza msisimko.

Mwaka 1968 David na mkewe, Judith MacDougall, walikwenda kwa Wajie wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Kazi kuu iliyotoka huko ni To Live with Herds, filamu nyeusi na nyeupe ya dakika 70. Ilipata tuzo kuu ya filamu za jamii za watu katika tamasha la Venice mwaka 1972. Kati ya 1973 na 1974 wakavuka mpaka na kuishi Turkana, kaskazini mwa Kenya. Huko ndiko zilikotoka filamu tatu zinazohusiana: Lorang's Way, The Wedding Camels na A Wife Among Wives. Kwa kawaida David alishika kamera na Judith akanasa sauti, na uongozaji wa filamu za Turkana ni wa wote wawili. Kumtaja mume peke yake ni kosa linalorudiwa mara nyingi.

Mwaka 1975 walihamia Canberra kufanya kazi na taasisi ya Australia ya masomo ya Waaborijini, na kwa zaidi ya miaka 10 wakatengeneza filamu na jamii za wenyeji wa nchi hiyo. Baadaye ikaja Photo Wallahs ya mwaka 1991, juu ya wapiga picha wa mji wa Mussoorie nchini India. Miaka miwili baadaye David alitoa Tempus de Baristas, juu ya wachunga mbuzi wa milima ya Sardinia, Italia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, akiwa na kamera ndogo ya video, alipiga picha katika Shule ya Doon, shule ya bweni ya wavulana iliyopo Dehradun. Filamu tano zilitoka kati ya 2000 na 2004. Mwaka 2008 akatoa Gandhi's Children, juu ya makao ya watoto mjini Delhi.

Sambamba na hayo aliandika vitabu vya nadharia vinavyosomwa popote somo hili linapofundishwa, vikiwemo Transcultural Cinema cha 1998, The Corporeal Image cha 2006 na The Looking Machine cha 2019.

## Kitabu na filamu juu ya watu walewale

Afrika Mashariki inatupa nafasi adimu ya kulinganisha. Miaka 13 kabla ya kamera ya MacDougall kufika Karamoja, Philip Gulliver, Mwingereza ambaye pia alifanya utafiti Tanganyika, alichapisha The Family Herds. Kitabu hicho cha 1955 kinawalinganisha Wajie na Waturkana. Tuna, basi, kitabu na filamu juu ya jamii zilezile mbili, na juu ya jambo lilelile: mifugo na undugu.

Gulliver anaeleza jinsi haki ya mifugo inavyogawanyika ndani ya familia, jinsi nyumba inavyokua na kumeguka kizazi hadi kizazi, na jinsi kila mwanamume anavyojenga mtandao wa ndugu, wakwe na marafiki anaoweza kuwaomba wanyama siku ya shida au siku ya mahari. Hizi ni kanuni. Hakuna kamera inayoweza kuzipiga picha, kwa sababu hazionekani mahali pamoja kwa siku moja. Zimetolewa kwenye visa vingi, vikapangwa, vikahesabiwa. Hapo kitabu hakina mpinzani.

Sasa tazama The Wedding Camels. Lorang, mwenye boma, anamwoza binti yake Akai kwa Kongu, rafiki yake wa siku nyingi na wa umri wake. Kanuni ya Gulliver inatuambia kwamba mahari itakusanywa kutoka mtandao wa bwana harusi na kugawanywa katika mtandao wa baba wa binti. Filamu inatuonyesha uzito wa kanuni hiyo inapowaangukia watu wawili wanaopendana. Lorang akidai wanyama wengi mno, anamwumiza rafiki yake. Akikubali wachache, wake zake na ndugu wanaosubiri fungu lao watamwona amewauza. Mazungumzo yanakwenda na kurudi chini ya kivuli. Mtu anatoa hoja, mwingine ananyamaza, wa tatu anageuza uso. Idadi ya ngamia na ng'ombe inazungumzwa kwa maneno, lakini mvutano uko katika sauti inayopanda, katika mzee anayesimama ghafla, katika kimya kinachozidi kipimo.

Kipande hicho kinatufundisha jambo la kitaaluma kabisa: mahari ni hatari inayochukuliwa na watu wenye hofu, heshima na deni la zamani. Gulliver alilijua hilo, lakini msomaji wake hulipokea kama taarifa. Mtazamaji wa filamu hulishuhudia likitokea, na hajui litaishaje, kama ambavyo Lorang mwenyewe hakujua.

Filamu nayo ina upungufu wake. Mtu asiyejua lolote juu ya Waturkana hawezi kutoka pale akijua kama kisa cha Lorang ni cha kawaida au cha pekee. Lorang mwenyewe si mtu wa wastani. Aliwahi kutoka, akatumikia jeshi, akauona ulimwengu mwingine kabla ya kurudi kwenye ufugaji, na Lorang's Way inaonyesha kwamba kurudi huko kulikuwa uamuzi wa mtu anayejua kuwa njia yake ya maisha inaweza kukatika. Filamu inamjua Lorang kwa undani. Waturkana kwa ujumla inawajua kwa kupitia kwake tu.

## Misimamo inayoshindana

Msimamo wa kwanza: picha ni ushahidi. Huu ndio msimamo wa mwanaanthropolojia wa Marekani Margaret Mead. Kati ya 1936 na 1939 yeye na Gregory Bateson walipiga kisiwani Bali picha zipatazo 25,000 na futi 22,000 za filamu, na hadi mwisho wa maisha yake aliwalaumu wenzake kwa kung'ang'ania maneno wakati mila zinapotea bila kurekodiwa. Kwake kamera bora ni ile iliyosimikwa kwenye miguu yake mitatu na kuachwa itembee kwa muda mrefu bila kuguswa, ili vizazi vijavyo vichambue upya. Bateson alimpinga katika mjadala wao wa miaka ya 1970: kamera isiyosogea na mtu, alisema, hukosa jambo lenyewe.

Nguvu ya msimamo huu ni unyenyekevu. Unakubali kwamba mtafiti wa leo hajui lipi litakuwa na maana kesho. Udhaifu wake ni kudhani kwamba kamera haina upande. Kuna mtu aliyechagua isimikwe wapi, ielekee kwa nani na iwashwe saa ngapi. Tena enzi za filamu ya milimita 16, mkanda wa futi 400 uliisha kwa dakika 11 hivi, hivyo kila kuwasha kulikuwa uamuzi wa gharama.

Msimamo wa pili: maandishi ndiyo elimu, filamu ni msaidizi. Mwanaanthropolojia Karl Heider, katika kitabu chake Ethnographic Film cha 1976, alitaka filamu ifuate matakwa ya ethnografia, yaani maelezo ya kina ya maisha ya jamii, kabla ya matakwa ya sinema. Jay Ruby alikwenda mbali zaidi, akisema jina la filamu ya ethnografia listahili kazi za wanaanthropolojia waliofunzwa tu. Kirsten Hastrup wa Denmark alitoa mfano mzuri mwaka 1992. Huko Iceland alihudhuria maonyesho ya kondoo dume, mahali pa wanaume peke yao, ambapo yeye kama mwanamke alihisi wazi kwamba ameingia pasipo pake. Alipiga picha. Ziliposafishwa zilionyesha migongo ya watu na kondoo katika mwanga hafifu. Mvutano wote aliouhisi haukuwamo. Akahitimisha kwamba maana nzito hukaa katika maandishi.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inalinda viwango: madai, ushahidi, ulinganisho. Udhaifu wake ni kupima sinema kwa picha mbaya. Mtu angeweza kuonyesha ukurasa mbovu na kudai kwamba kuandika hakuwezi kueleza hisia. MacDougall alijibu hoja za namna hii kwa kusema kwamba filamu ina njia yake ya kujua. Kitabu hutoa jambo kwenye mahali pake na kulifanya la jumla. Filamu hulibakiza ndani ya mwili, mahali, wakati na uso wa mtu fulani. Kuitaka filamu iandike insha ni kuinyima kile inachokiweza.

Msimamo wa tatu: filamu ni mkutano kati ya watu wawili. Jean Rouch, aliyefanya kazi Afrika Magharibi tangu miaka ya 1940, aliwaonyesha watu filamu zao, akapokea maoni yao, na akatengeneza kazi mpya kutokana na maoni hayo. Waliofanya kazi naye, kama Oumarou Ganda wa Niger na Safi Faye wa Senegal, wakawa watengeneza filamu kwa jina lao wenyewe. MacDougall alijiunga na fikra hiyo kwa sehemu katika makala yake ya 1975 iliyochunguza mipaka ya mtindo wa utazamaji. Alikiri kwamba mtindo ule ule uliompa tuzo humfanya mtengenezaji ajifiche, kana kwamba hayupo bomani, wakati kila mtu pale anajua kwamba yupo. Filamu za Turkana zinaonyesha badiliko hilo: maswali ya watengenezaji yanasikika au yanaandikwa kwenye skrini, na majibu yanaachwa yawe majibu kwa mgeni anayejulikana.

Nguvu yake ni ukweli juu ya namna maarifa yalivyopatikana. Udhaifu wake ni kwamba ushirikiano unaweza kubaki neno tamu. Aliyeamua kuja ni mgeni, mwenye mashine ni mgeni, na anayekata mwisho katika chumba cha kuhariri ni mgeni. Mtengeneza filamu wa Senegal, Ousmane Sembène, alimwambia Rouch ana kwa ana, mwaka 1965, kwamba yeye na wenzake wanawatazama Waafrika kama wadudu. Lawama hiyo ilimwendea mtu aliyekuwa ameshirikiana na Waafrika kuliko wenzake wengi, na kwa sababu hiyo haiwezi kupuuzwa.

Msimamo wa nne: kamera iende kwa wenyewe. Tangu miaka ya 1980, Wakayapo wa Brazil, Wawarlpiri wa Australia na jamii nyingine wameshika kamera wenyewe kudai ardhi, kuhifadhi lugha na kujibu waliowasema. Mtengeneza filamu Trinh T. Minh-ha, katika Reassemblage ya 1982 iliyopigwa Senegal, alihoji haki ya mgeni kuzungumza juu ya wengine hata kidogo.

Nguvu ya msimamo huu haihitaji kuelezwa sana: ni suala la haki. Hata hivyo mwamba ngozi huvutia kwake, hata akiwa mwenyeji. Boma lina wazee na vijana, wanaume na wanawake, wenye mifugo na wasio nayo, na kamera ikiingia itashikwa na mmoja wao kwanza. Kuna pia mambo ambayo mwenyeji hayaoni kwa kuwa ameyazoea, na mgeni huyaona kwa sababu yanamshangaza.

## Gharama ambazo hazionekani kwenye skrini

Kila msimamo unalipiwa. Gharama tatu zinajitokeza wazi katika kazi ya MacDougall.

Ya kwanza ni ya mtindo. Mwaka 1992 aliandika makala akiuliza kwa nini mbinu iliyofaulu Afrika Mashariki ilipwaya Australia. Wajie na Waturkana, alieleza, ni watu wa kujadiliana waziwazi. Mzee husimama mbele ya wenzake na kusema hoja yake, na kamera inayofuata mazungumzo hukuta jamii ikijieleza yenyewe. Waaborijini aliofanya kazi nao walikuwa na adabu nyingine ya usemi: mambo mazito yana wenye haki ya kuyasema, na mengi hupita kwa ishara na kimya. Kamera ileile ilibaki ikitazama watu wasiosema walilo nalo. Ikabidi wahusika wenyewe waelezee picha kwa sauti zao baadaye. Fundisho ni kubwa: hakuna mtindo wa kupiga picha usio na utamaduni ndani yake. Tukiona filamu ya jamii moja imesisimua na ya nyingine imepoa, tujiulize kwanza kama mtindo uliwafaa watu hao.

Ya pili ni ya tafsiri. To Live with Herds ilikuwa miongoni mwa filamu za mwanzo za ethnografia kuweka maandishi ya tafsiri chini ya picha badala ya msimulizi kuwafunika wahusika kwa sauti yake. Faida ni dhahiri. Katika Under the Men's Tree, filamu yao fupi ya Karamoja, wanaume wamekaa chini ya mti kambini wakizungumza juu ya magari ya Wazungu, na kwa mara ya kwanza mtazamaji wa mbali anawasikia wafugaji wakimchambua yeye. Lakini MacDougall mwenyewe alionya kwamba maandishi hayo yana hila. Yanamfanya mtazamaji asome badala ya kutazama, yanakata maneno yanayorudiwa, na yanampa mgeni hisia kwamba ameelewa kila kitu.

Ya tatu ni ya taasisi. Filamu ya dakika 70 huweza kula miaka ya kazi, lakini katika vyuo vingi makala mbili za jarida humpandisha mhadhiri cheo kwa urahisi zaidi. Chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kilikubali mwongozo wa kutathmini kazi za picha mwaka 2001 tu, zaidi ya miaka 100 baada ya Haddon. Uingereza ilitangulia kwa njia nyingine: Manchester ilifungua kituo cha mafunzo ya anthropolojia ya picha mwaka 1987. Pasipo na kipimo, mtafiti hulazimika kuchagua kati ya kamera na ajira, na wengi huchagua ajira.

## Kupima misimamo

Tukiiweka misimamo hii kwenye mizani, tunaona kwamba ugomvi wa kitabu na filamu umepewa uzito usiostahili. Ulinganisho wa Gulliver na MacDougall unaonyesha kazi mbili zinazohitajiana. Anayetaka kujua jinsi mahari inavyogawanywa katika kizazi kizima asome kitabu. Anayetaka kujua mahari inavyomkaa mtu rohoni siku inapojadiliwa atazame filamu. Mwenye kazi moja tu kati ya hizo ana nusu ya elimu.

Kazi za Doon zinathibitisha hilo kwa upande mwingine. Doon School Chronicles inakaa kwa muda mrefu juu ya vitu ambavyo ripoti ya elimu ingeviruka: rangi za sare, vyombo vya chuma cha pua vinavyong'aa katika bwalo, namna wavulana wanavyosimama, wanavyokimbia, wanavyokunja nguo. MacDougall aliita hali hiyo uzuri wa kijamii, yaani mpangilio wa vitu, rangi na miili unaoifanya taasisi ihisiwe na walio ndani yake. Kwa njia hiyo anaonyesha jinsi shule ya wenye nafasi inavyotengeneza viongozi kwa nidhamu ya mwili kabla ya somo la darasani. Hapa hakuna kabila la mbali. Kamera iliyoanza kwa wafugaji imegeuzwa kuwatazama watoto wa tabaka la juu, na hiyo ni hoja ya kutosha dhidi ya wanaodai kwamba somo hili haliwezi kutoka kwenye shanga na mikuki.

Mgawanyiko wa kweli uko mahali pengine: kati ya filamu inayoficha jinsi ilivyopata inachokionyesha na ile inayowajibika. Tangazo la utalii haliwezi kukuambia ni nani aliyelipwa avae hivyo. Habari ya njaa haikupi jina la mama aliyeonyeshwa. To Live with Herds inamtambulisha Logoth, mzee wa Kijie, kwa jina lake. Inamsikiliza akieleza nchi yake na nyumba yake, na inaifuata hali ngumu ya wafugaji waliobanwa kati ya kiangazi na serikali changa inayotaka kodi, utulivu na mifugo iuzwe. Inamalizia kwa safari ya Logoth kwenda kumwona mwanawe katika kambi ya mbali ya ng'ombe. Mtazamaji anaweza kubishana nayo kwa sababu imemwonyesha ilikosimama.

Pamoja na sifa hizo, deni halijalipwa lote. Uwajibikaji kwa mtazamaji wa chuo kikuu haulingani na uwajibikaji kwa mjukuu wa aliyepigwa picha. MacDougall alilisogelea jambo hili alipouliza, mwaka 1991, hadithi ya filamu ni ya nani hasa. Baadaye akaendesha mradi nchini India uliowapa watoto kamera watengeneze filamu zao za utafiti, na Delhi at Eleven ya 2013 ni matunda yake. Hatua hiyo ni njema, lakini Karamoja na Turkana zinastahili zaidi: nakala zinazofikika, maelezo kwa Ng'akarimojong, Kiturkana na Kiswahili, na haki ya wenyeji kusema lipi lionyeshwe na lipi lisionyeshwe. Vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vinaweza kulibeba jukumu hilo kuliko hifadhi yoyote ya ng'ambo, kwa sababu vina wanafunzi wanaozijua lugha hizo tangu utotoni.

## Kwa muhtasari

Filamu inaweza kuwa utafiti. Inaleta maarifa ya mtu fulani, katika mwili wake, mahali pake na wakati wake, ambayo maandishi huyagusa kwa mbali. Haiwezi kubeba kanuni, takwimu na ulinganisho mpana, na haipaswi kulaumiwa kwa hilo, kama ambavyo kitabu hakilaumiwi kwa kukosa sauti.

Kila msimamo una funzo la kuchukua. Mead anatufundisha kuhifadhi zaidi ya tunavyohitaji leo. Heider na Hastrup wanatukumbusha kwamba ushahidi lazima upimwe. Kwa Rouch, na kwa MacDougall baada yake, tunajifunza kwamba aliyeshika kamera yumo ndani ya kisa. Sembène na watengeneza filamu wa jamii za wenyeji wanadai jambo lisiloweza kuahirishwa: wanaotazamwa wawe na usemi.

Kwa hiyo mtazamaji anayekutana na picha ya zamani ya kwao ana maswali manne ya kuuliza. Anayeonekana ametajwa jina na anasikika kwa lugha yake? Mtengenezaji ameonyesha alivyofika pale na alivyouliza? Kuna maandishi ya kupima kama kisa hiki ni cha wengi au cha mmoja? Na waliopigwa picha, au watoto wao, wana nakala na kauli? Filamu inayojibu maswali matatu ya kwanza ni utafiti na inastahili kupewa alama, shahada na cheo kama kitabu. Swali la nne, kwa sehemu kubwa ya filamu zilizopigwa kwetu, bado linasubiri kazi ya vyuo vyetu, hifadhi zetu na wizara za utamaduni, na kazi hiyo inaweza kuanza sasa kwa nakala zilizopo.